Kosa la Mtumiaji

Nchi ya Sawasawa msomaji asihangaike kuitafuta kwenye ramani. Ipo, na watu wanazaliwa na kuzikwa humo kama kwingine, lakini ramani zake huchapwa upya kila Mlezi wa Taifa anapobadili mawazo, na wakati mambo haya yanatokea ramani mpya ilikuwa bado kwa mchapaji. Itoshe kujua kwamba ni nchi ya amani, na kwamba amani hiyo hutangazwa redioni kila saa ili mtu asije akasahau kwamba anayo.

Aliyekuwa akiitangaza ni Sudi Mkwanda.

Sudi alikuwa na sauti nzito, iliyotulia, sauti ya mtu aliyeshiba na asiyedaiwa. Waliomsikia redioni walimwona kichwani mwao kama bwana mnene mwenye fimbo. Kumbe alikuwa mwembamba, magoti yanagongana akitembea, na mwoga tangu utotoni. Aliogopa mbwa. Aliogopa madaraja. Aliogopa bahasha za kaki. Kuliko vyote aliogopa kuitwa kwa jina lake kamili akiwa ofisini. Mkewe Chausiku, fundi cherehani aliyeshonea watu pale pale nyumbani, alizoea kumtania kwamba sauti ile kaiazima mahali, na ipo siku mwenyewe atakuja kuichukua.

Mwaka huo Mlezi wa Taifa aliacha sigara. Madaktari wake walimpa sigara ya umeme, kile kidude chenye betri kinachochemsha majimaji yenye harufu ya matunda mpaka yatoe mvuke wa kuvuta. Akaipenda. Akavuta yenye harufu ya nanasi katikati ya kikao cha mawaziri, na mawaziri wote wakakiri kwamba wanahisi vifua vyao vimefunguka. Kwa kuwa Mlezi si mtu wa kufurahi peke yake, aliamuru kila mtumishi wa umma apewe kidude kama hicho, awe mvutaji asiwe mvutaji. Kikaitwa Pumzi ya Taifa. Kilivaliwa shingoni kwa utepe, kikaning'inia juu ya moyo, na kilikuwa na taa ndogo iliyotakiwa kuwa ya kijani saa zote. Ikiwa nyekundu maana yake betri imekwisha, na mtumishi mwenye betri iliyokwisha alihesabiwa kuwa amemkatia Mlezi pumzi. Walinzi wa mageti walikagua taa hizo kila asubuhi, na mwenye nyekundu aliondoka na gari jingine.

Ndani ya kila boksi kulikuwa na karatasi ya mashauri, nayo yalikuwa mashauri mazuri. Ilisema Pumzi ichajiwe kwa chaja yake tu. Isiachwe kwenye umeme bila mtu wa kuiangalia. Isikae mfukoni pamoja na funguo au sarafu, maana betri ikigusana na vyuma hupiga shoti. Isianikwe juani. Ikivimba au ikipata moto, mtu aache kuitumia mara moja.

Ila chaja zake hazikuja. Wizara ilieleza kwamba chaja ni za awamu ya pili, na kwa sasa wananchi waoneshe ubunifu. Wananchi wakaonesha ubunifu. Wengine walitumia chaja za simu, wengine za tochi, na bwana mmoja wa idara ya misitu alitumia betri ya trekta, akawa mtu wa kwanza kutajwa kwenye taarifa ya habari kwa sifa ya ubunifu na, siku hiyo hiyo jioni, kwenye matangazo ya vifo.

*

Aliyefuata ni karani wa ardhi, Bwana Nyenza, aliyelipukiwa mfukoni akiwa kwenye foleni ya kulipia maji. Utepe ulikuwa umemkatikia njiani, akatia Pumzi mfukoni, na mfukoni mlikuwa na funguo. Suruali ikawaka. Watu wa foleni walimzima kwa maji ambayo walikuwa hawajayalipia, jambo lililoongezwa baadaye kwenye mashtaka.

Siku ya pili yake Waziri wa Wajibu wa Mwananchi, Mheshimiwa Ndovelwa, aliita waandishi. Sudi alikuwa mstari wa mbele, kinasa sauti mkononi.

"Ndugu wananchi," alisema Waziri, "tujiulize kisayansi. Betri ina akili? Haina. Betri ina nia mbaya? Haina. Betri imewahi kuandamana? Haijawahi. Kitu kisicho na akili wala nia hakiwezi kutenda kosa. Sasa, pale kwenye foleni palikuwa na vitu viwili, betri na mtumiaji. Ukiondoa betri anabaki nani?"

"Mtumiaji," waandishi waliitikia, wakaandika.

"Na chaja, Mheshimiwa?" aliuliza mwandishi mmoja kijana, ambaye siku hizi anaripoti habari za mifugo mpakani.

"Mtumiaji mwenye uzalendo hasubiri chaja," alijibu Waziri, akagonga meza kwa kifua alipoinama kuchukua maji. Pumzi yake ilitoa mlio wa ubao. Sudi, aliyekaa karibu, aliitazama vizuri. Ilikuwa imechongwa kwa mninga na kupakwa rangi, na taa yake ya kijani ilikuwa ya kuchora. Sudi akaangalia pembeni haraka, akaogopa kwamba macho yake yamemsaliti.

Wiki hiyo hiyo ikapitishwa Sheria ya Kosa la Mtumiaji. Ilikuwa fupi. Mtumiaji ni mtu yeyote aliye karibu zaidi na kitu wakati kitu hicho kinapoleta madhara, na madhara yote ni yake. Bwana Nyenza akafunguliwa shtaka la kulipua mali ya umma kwa kutumia paja.

Sudi alilisoma shtaka hilo saa saba mchana kwa sauti ile ile ya kushiba. Baada ya hapo akasoma ya mwalimu, ya mkunga, ya dereva wa zimamoto. Kila habari ilimalizika kwa maneno aliyoandikiwa na wizara: "Mtumiaji alizembea. Betri nyingine zote zinaendelea vizuri." Akimaliza alikwenda msalani, akafungulia bomba, akashika sinki mpaka mikono itulie. Watu walimsifu. Walisema ukimsikia Sudi anasoma habari ya mlipuko unaona usingizi unakuja.

*

Kisha Pumzi yake mwenyewe ikaanza kuvimba.

Aliigundua asubuhi akijifunga vifungo vya shati. Ubavu mmoja ulikuwa umetuna, na mshono wa plastiki umeachana kidogo kama mdomo wa mtu anayetaka kusema. Akaigusa. Ilikuwa na joto la paji la uso wa mgonjwa. Taa yake ilikuwa ya kijani safi.

Siku hiyo aliongea na watu akiwa ameinama mbele, ili utepe uning'inie mbali na kifua. Barabarani akagundua kwamba hakuwa peke yake. Mji mzima ulikuwa umeinama. Makarani, manesi, walimu, wote walitembea wamepinda mgongo, vidude vyao vinapepea hewani mbele yao. Wageni waliofika siku zile waliandika makwao kwamba Wasawasawa ni watu wenye adabu isiyo kifani. Na inasemekana Mlezi, akichungulia kutoka roshani ya ikulu, alitokwa na machozi kuona jinsi taifa lake linavyojua kunyenyekea.

"Ipeleke," Chausiku alimwambia jioni, alipokiona kile kidude. Alikuwa anapiga pasi gauni la harusi la mteja, akaiweka pasi chini na kusogea nyuma. "Karatasi inasema ikivimba uache kuitumia."

"Sheria inasema nikiacha kuivaa nimefungwa."

"Basi nenda kwa hao waliokupa. Waulize wao."

Ilikuwapo ofisi ya mambo hayo, Idara ya Utulivu wa Betri, nyuma ya jengo la wizara. Sudi alikwenda akiwa amelowa jasho. Chumba kilikuwa kitupu, meza moja ya zege katikati, na upande wa pili ukuta wa magunia ya mchanga uliofika kifuani. Juu ya magunia ilionekana barakoa ya mchomelea vyuma. Ndani ya barakoa mlikuwa na afisa, na afisa alizungumza kwa kipaza sauti kile cha mikutano ya hadhara.

"Karibu, ndugu mtumiaji. Weka kifaa mezani taratibu, kisha rudi ukutani."

Sudi akafanya hivyo.

"Tatizo?"

"Imevimba, mzee."

"Haijavimba. Imenenepa. Kunenepa ni dalili ya afya."

"Ina joto pia."

"Hata wewe una joto. Kuna mtu amekushtaki?" Barakoa iliinama kidogo, kipaza sauti kikakwaruza. "Sasa jibu kwa makini. Unaiogopa?"

Sudi alikuwa ameshasoma redioni, kwa sauti yake mwenyewe, kwamba mtumiaji mwenye hofu hutetemeka, na kutetemeka huitikisa betri, na betri iliyotikiswa si ya kulaumiwa.

"Hapana, mzee. Siiogopi."

"Safi. Mimi pia siiogopi," alisema afisa kutoka nyuma ya magunia.

Ukatokea mwanzi mrefu wenye muhuri uliofungwa nchani. Ulitambaa hewani, ukatetemeka juu ya meza, ukaigonga Pumzi kwa upole mkubwa, ukarudi mbio. Kwenye ubavu uliotuna pakawa na neno SALAMA kwa wino wa zambarau.

"Naomba niiache hapa kwenu," Sudi alisema. "Nitashukuru sana."

"Kuiacha Pumzi ni kuitelekeza, na kuitelekeza kuna adhabu kubwa kuliko kuilipua. Vaa, ndugu. Na ukitoka funga mlango taratibu."

*

Walijaribu kuiweka nje. Chausiku alichukua chungu kikuukuu, akakijaza mchanga, wakaifukia humo nusu, wakakiweka nyuma ya choo penye kivuli, mbali na mtu. Kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi Sudi alikula akamaliza sahani. Kabla hajanawa, balozi wa mtaa, Bwana Tindwa, alikuwa ameshafika, maana mtaa ule una kuta fupi na macho mengi.

"Bwana Sudi," alisema, kofia mkononi, uso wa mtu aliyefiwa. "Mlezi mmemweka chooni?"

"Si chooni, balozi. Ni nyuma ya choo."

"Sitaandika. Wewe ni sauti ya taifa, sitaandika. Lakini iingize ndani. Iishi na nyinyi kama mtoto wa nyumbani."

Ikaingia ndani. Wakaiweka juu ya sakafu ya saruji, pembeni, na kila mmoja akawa anapita upande wa pili wa chumba. Sudi hakuwa anasinzia sawasawa tena. Akizungumza alikatisha maneno ili asikilize kama kuna kitu kinachochemka.

Jumapili mchana taa ikawa nyekundu. Kesho yake kulikuwa na geti.

"Usichaji," Chausiku alisema. "Sudi, kitu kile kimeshakufa, usikifufue."

"Nikienda na nyekundu wananichukua."

"Na ikilipuka?"

Sudi alikaa juu ya kigoda akizigeuza hofu mbili, hii na ile, na ile ya geti ikawa nzito zaidi kwa sababu aliwajua walinzi kwa majina. Akachukua chaja ya simu, akaichomeka Pumzi, akaiacha sakafuni mbali na cherehani na vitambaa, akakaa kuilinda kama karatasi ilivyoagiza. Alikaa hivyo muda mrefu, jasho likimtiririka, mkewe akishona kwa kanyagio la polepole, jicho moja kwenye sindano na jingine pembeni.

Kisha majirani wakapiga kelele kwamba maji yametoka. Bomba la uani lilikuwa halijatoa kitu tangu katikati ya wiki. Chausiku akainuka kuchukua ndoo.

"Kaa, nakwenda mimi," Sudi alisema. "Usiiguse ile. Nakuja sasa hivi."

Alikuwa anajaza ndoo ya pili aliposikia mluzi mwembamba kutoka ndani, kama birika. Akageuka. Chausiku alitokea mlangoni akikimbia, mikono imenyooshwa mbele, ameshika Pumzi kwa kipande cha kitambaa, na moshi mweupe unamzunguka uso. Alikuwa anaitoa nje. Ndani kulikuwa na gauni la harusi la watu na vitambaa vimejaa hadi darini, na alikuwa anaitoa nje.

Mlio haukuwa mkubwa kama alivyoutangaza siku zote. Ulikuwa mkavu, kama mlango wa chuma uliobamizwa. Chausiku alikaa chini pale kizingitini, akautazama mkono wake wa kulia kama kitu alichookota, na hakulia. Sudi alimmwagia maji ya ndoo mkononi, akamwagia ya pili, akawa anamwagia huku anasema samahani, samahani, mpaka majirani wakamwondoa.

*

Hospitali ilikuwa imefungua wodi mpya, na juu ya mlango wameandika WODI YA WAZEMBE. Wagonjwa walilala safu kwa safu, kila mmoja amefungwa pingu kitandani kwa kiungo kilichobaki kizima. Chausiku alifungwa pingu mkono wa kushoto, na wa kulia ulikuwa ndani ya bandeji mpaka kwenye kiwiko. Pua ikimwasha alimtazama Sudi, na Sudi alimkuna.

Daktari alisema mkono hautakatwa. Kuhusu vidole, alisema tusubiri, akaondoka upesi.

Askari aliyekuja kuandika maelezo alikuwa mtu wa heshima.

"Pumzi ni ya nani?"

"Ni yangu," Sudi alisema. "Mimi ndiye niliyeichomeka. Yeye aliikuta inatoa moshi."

"Wewe ulikuwa wapi ilipolipuka?"

"Bombani."

"Na yeye?"

"Alikuwa ameishika."

"Basi mtumiaji ni yeye, na wewe ni shahidi. Uliwahi kumwonya?"

Sudi alimtazama mkewe. Chausiku, macho yamefumbwa, alisema kwa sauti ndogo, "Aliniambia nisiiguse. Ndivyo alivyosema."

"Ahsante, mama," askari alisema, akaandika. "Bandeji zikitoka atapelekwa Kambi ya Umakini. Huko hufundishwa kukaa mbali na vitu."

Waliopelekwa kambi ile Sudi aliwahi kuwatangaza wakienda. Wakirudi hakuwahi.

Kesho yake walinzi wa geti walimpitisha bila Pumzi, kwa kuwa ni shahidi, na Mkurugenzi wa redio akamwita kwa jina lake kamili. Alimpa mkono, akampa pole, akampa karatasi ya taarifa ya saa saba. Sudi akaisoma amesimama. Ilisema mwanamke mmoja, Chausiku Pazi, amelipua Pumzi ya Taifa kwa uzembe, na kwamba mumewe, ambaye ni mtangazaji mwenzetu mpendwa, amethibitisha kuwa alimwonya asiiguse.

"Mkurugenzi, naomba leo asome mtu mwingine."

"Wizara imetaka sauti yako. Wanasema itatuliza watu." Mkurugenzi alishusha sauti, na kwa kitambo akawa mtu wa kawaida mwenye uchovu. "Sudi, usiniletee balaa. Nina familia. Soma tu, kama siku zote. Ni aya moja."

*

Studio ilikuwa chumba kidogo kisicho na dirisha la nje. Upande wa pili wa kioo alikaa fundi mitambo, Mgeta, mtu mzima aliyefanya naye kazi miaka mingi na asiyependa maneno. Taa nyekundu ya matangazo ikawaka. Sudi alianza na salamu, akatangaza amani, akasoma hali ya hewa na ziara ya Mlezi kwenye kiwanda cha tepe.

Akafika kwenye aya.

"Mwanamke mmoja," alisoma, "Chausiku Pazi."

Sauti ikakatika. Hakuwahi kukatikiwa na sauti hewani. Alisikia moyo wake kwenye kipaza sauti, au alidhani anausikia. Alijua kilicho nje ya mlango ule. Alijaribu kuirudisha ile sauti nzito, akaitafuta kooni, hakuikuta. Iliyokuja ilikuwa nyembamba, ya mtu anayetetemeka, na ndiyo aliyoitumia.

"Chausiku Pazi ni mke wangu," alisema. "Pumzi iliyomlipukia ni yangu. Ilikuwa imevimba, na nilijua. Niliipeleka serikalini, wakaigonga muhuri wakanirudishia. Nikaichaji kwa chaja ya simu kwa sababu chaja yake haipo. Niliichaji kwa sababu niliogopa walinzi wa geti. Naogopa na sasa hivi. Yeye hakuzembea, alikuwa anaitoa nje isiunguze nyumba. Ukiwa na yako imevimba, au ina joto, au inatoa harufu kama ya rangi mbichi, usiichaji. Usiivae. Iweke kwenye mchanga, mbali na watu. Mimi mengi ya haya niliyasoma kwenye karatasi tangu siku ya kwanza, na kila siku nikawasomea nyinyi mengine."

Nyuma ya kioo Mgeta alikuwa ameshanyoosha mkono kwenye swichi ya kukata matangazo. Mkono ukasimama hewani. Akaitazama swichi. Kama redio ya taifa ingenyamaza saa saba mchana, jambo ambalo halikuwahi kutokea, hayo yangekuwa madhara, na aliye karibu zaidi na swichi angekuwa nani? Mgeta akaweka mikono yote miwili kichwani, akasukuma kiti chake nyuma kwa miguu mpaka kikagota ukutani.

Mkurugenzi alifika mbio na watu wa usalama wawili. Wakasimama mlangoni. Mmoja akapiga hatua kuelekea kipaza sauti, akakumbuka sheria, akairudisha hatua yake. Mkurugenzi naye akarudi nyuma. Wakarudi wote, wakisukumana kwa adabu, kila mmoja akihakikisha kwamba mwenzake ndiye aliye karibu zaidi, mpaka korido ikawa tupu. Sudi akabaki na kipaza sauti peke yake. Akataja majina. Bwana Nyenza wa ardhi, mwalimu, mkunga, dereva wa zimamoto, wote aliowaita wazembe, akawaomba radhi mmoja mmoja. Alipokosa la kusema tena alisema, "Ahsanteni," akainuka, na miguu ikamfikisha nje bila mtu kumgusa.

*

Alikwenda hospitali akakae na mkewe mpaka waje kumchukua.

Hawakuja. Jioni Mheshimiwa Ndovelwa alilihutubia taifa. Alieleza kwamba saa saba mchana betri za redio za wananchi wengi, kwa kutotunzwa vizuri, zilichoka na kutoa maneno ya ajabu. Redio ya taifa yenyewe haikutamka maneno hayo. Kwa hiyo yeyote aliyeyasikia alikuwa mtumiaji mzembe wa redio, na ajisalimishe.

Hakujisalimisha mtu. Nchi nzima ilikuwa haikusikia kitu. Sokoni mtu alimwambia mwenzake, "Mimi sikusikia ile ya mchanga," na mwenzake akajibu, "Hata mimi sikusikia, ndiyo nimetoka kuuchota." Tepe zikaanza kupungua shingoni. Ukiuliza unaambiwa imepotea. Walinzi wa mageti hawakuuliza, maana zao pia zilikuwa zimepotea.

Kwa Chausiku mambo yalikwenda kwa mujibu wa taratibu. Kama taarifa ya saa saba haikutamkwa, basi mlipuko uliokuwa ndani yake haukutangazwa, na mlipuko usiotangazwa haukutokea. Mtu asiyelipukiwa hawezi kulazwa. Wakamfungua pingu na kumtoa kitandani siku hiyo hiyo, kidonda kibichi, bila dawa ya kuondoka nayo, na nesi aliyemsindikiza mpaka kwenye ngazi alimtumbukizia Sudi bandeji mfukoni akageuka bila kuaga. Sudi naye hakufukuzwa kazi, kwa kuwa hakuwa amesema kitu. Aliambiwa apumzike nyumbani mpaka atakapoitwa.

Wanasubiri hadi leo, na kusubiri kwenyewe ndiko kunakowala. Gari likipunguza mwendo mtaani, Sudi huacha kijiko hewani. Balozi Tindwa akipita husalimia akiwa mbali na haingii. Usiku na mchana mlango wa mbele wanautazama wote wawili, na hakuna anayesema anatazama nini.

Bandeji ilipopungua, vidole vya Chausiku havikukunja. Mwenye gauni la harusi alikuja kuuliza kwa aibu kama kuna namna, maana shughuli imekaribia na upindo haujamalizika. Chausiku alifikiri kidogo, akamwita mumewe, akamkalisha kwenye cherehani.

Alimwonesha kwa mkono wa kushoto jinsi ya kupitisha uzi, jinsi ya kuteremsha mguu wa chuma juu ya kitambaa. Sudi aliikaribia sindano kama anayekaribia mbwa. Vidole vyake vilitetemeka mpaka kitambaa kikacheza.

"Unaiogopa," Chausiku alisema.

"Naiogopa."

"Vizuri. Endelea kuiogopa, vidole vyako visogee huku. Hapo hapo. Sasa kanyaga, polepole."

Nje zikapita nyayo, nzito, za viatu vya watu kadhaa. Zikasimama. Wakasikiliza, mkono wa kushoto wa Chausiku juu ya bega la mumewe. Baadaye nyayo zikaendelea, zikaishia mbali, au zikaishia kwa jirani, haikujulikana.

Sudi akakanyaga.